Usimlishe Fukusi: Vidokezo 12 vya Kulinda Mavuno, kutoka Nakivale hadi Mbarara

Pita Nakivale mwezi wa Julai uone mahindi yalivyotapakaa: juu ya shitingi, juu ya mabati, juu ya mawe, na mengine kwenye vumbi tupu kando ya njia, mbuzi wakikatiza katikati. Kila mtu ana chakula, watoto wanachoma mahindi, jirani anamgawia jirani. Kisha Oktoba inafika, mvua inanyesha, shamba lina majani mabichi tu, na gunia lililokuwa kona ya nyumba limegeuka unga na vijidudu vyeusi vinavyotembea ukutani.

Nakivale, makazi ya wakimbizi katika wilaya ya Isingiro, Uganda, yalianzishwa mwaka 1958, na leo yanakaliwa na watu zaidi ya 150,000: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengineo. Viwanja vya kulima vimekuwa vidogo kadiri watu wanavyoongezeka. Mgao wa chakula nao umepungua. Mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilianza kuwagawa wakimbizi wa Uganda katika makundi kulingana na uhitaji, na mwaka 2025 takriban watu milioni 1 waliondolewa kabisa kwenye orodha ya mgao. Ardhi hatuwezi kuivuta ikaongezeka, na orodha hatuiandiki sisi. Tunachoweza kukilinda kwa mikono yetu ni kile ambacho tumekwisha kukivuna.

Na inawezekana. Mwaka 2013 WFP ilifanya majaribio na wakulima 400 wa Uganda na Burkina Faso: iliwafundisha kukausha vizuri na kuwapa vyombo visivyopitisha hewa. Hasara ikashuka kwa asilimia 98. Mafunzo yale hayakuwa na siri yoyote, na mengi yake yako hapa chini.

1. Vuna mapema, usiliachie shamba kazi ya ghala

Wengi wetu huacha mahindi yasimame shambani mpaka yakauke kabisa, kwa kuwa nyumbani hakuna nafasi. Fukusi, yule mdudu mweusi wa ghalani, anajua hilo. Huruka kutoka ghalani hadi shambani na kutaga mayai ndani ya punje mahindi yakiwa bado kwenye bua, hivyo unapoyaleta nyumbani unamleta na yeye. Chomoa punje moja, tazama ncha iliyokuwa imeshika gunzi: ukiona alama nyeusi, hindi limekomaa. Vuna, kaushia nyumbani.

Maharage ndiyo kabisa. Yakizidi kukauka shambani maganda hupasuka yenyewe, na unaokota moja moja kwenye udongo.

2. Ardhi si mkeka

Udongo una unyevu, una kuvu, una kinyesi cha kuku na mbuzi. Nafaka inayoanikwa chini huvinyonya vyote hivyo. Tandika shitingi, turubai, au mikeka. Ukiweza kupata miti, jenga kichanja cha urefu wa kiunoni: hewa inapita juu na chini, mbuzi hafiki, na mvua ikitisha unafunika kwa haraka. Tandaza nafaka nyembamba, isizidi unene wa vidole vitatu, na uigeuze mara kadhaa kwa siku. Jua likizama, funika au ingiza ndani, maana umande wa usiku mmoja unarudisha unyevu uliouondoa mchana kutwa.

Msimu wa Juni na Julai jua hutusaidia. Ule wa Desemba na Januari ndio wenye hila, kwa kuwa mvua inaweza kurudi bila kubisha hodi. Shitingi ya kufunikia iwe karibu kabla ya wingu kuonekana.

3. Usiamini meno, amini chumvi

Hiki ndicho kidokezo ninachotamani kila nyumba ikijue. Watu hung'ata punje, ikilia "ka!" husema imekauka. Meno hudanganya. Mahindi yanaweza kulia hivyo na bado yana unyevu wa kutosha kuotesha kuvu ndani ya gunia.

Chukua chupa safi ya kioo, kavu kabisa, yenye kifuniko. Jaza mahindi theluthi moja. Tia vijiko viwili au vitatu vikubwa vya chumvi kavu (kama chumvi imeshika maji, ianike kwanza au ikaange kidogo). Funga, tikisa kwa dakika moja hivi, kisha iache itulie robo saa. Tazama kioo. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, nafaka ina unyevu unaozidi asilimia 15, irudishe juani. Chumvi ikianguka yote chini na kioo kikabaki safi, unaweza kuanza kufikiria gunia.

Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi ya kuuza ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, kwa hiyo chupa ikishakubali, ongeza siku moja au mbili za jua ili uwe na hakika. Jaribio zima linagharimu chumvi ya mboga moja, na chumvi hiyo hiyo unaweza kuikausha ukaitumia tena kwa jaribio la kesho. Chupa hiyo na chumvi yake vikae mahali pamoja, na watoto wafundishwe kuitikisa.

4. Weka fimbo chini

Kutia mahindi kwenye gunia na kulichapa kwa fimbo ni haraka, nakubali. Lakini kila punje inayovunjika ni mlango uliofunguliwa: kuvu huingilia hapo, na wadudu wasioweza kutoboa punje nzima hujilia chenga bila taabu. Pukuchua kwa mkono, au tafuta kile chombo kidogo cha bati la duara chenye meno ndani, ambacho fundi wa vyuma anaweza kukutengenezea. Kikundi cha majirani kinaweza kununua mashine moja ya kuzungusha kwa mkono na kuitumia kwa zamu.

5. Chambua kama unayemchambulia mtoto mchanga

Kuvu wa kijani-manjano anayeota kwenye mahindi na karanga hutoa sumukuvu. Sumu hii haionekani, haina harufu, na haifi kwa kuchemshwa. Ugali uliopikwa kwa mahindi yenye sumukuvu bado una sumukuvu. Uji pia. Hata pombe ya kienyeji. Kidogo kidogo kwa miaka, huleta saratani ya ini; nyingi kwa mara moja, huua. Mwaka 2004 katika maeneo ya Makueni na Kitui nchini Kenya watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Walikuwa wakulima kama sisi, wakila walichokilima wenyewe.

Habari njema ni kwamba sumu nyingi hukusanyika kwenye punje chache: zilizobadilika rangi, zilizosinyaa, zilizovunjika, zilizotobolewa. Kaa na ungo mchana wa jua na uzitoe. Ni kazi ya kuchosha, na mara nyingi huangukia akina mama na mabinti peke yao. Baba naye ana macho na vidole, akae kwenye mkeka asaidie.

Na zile mbovu ulizozitoa usimpe kuku wala ng'ombe. Ng'ombe akila, sumu hupita hadi kwenye maziwa, na hapa Ankole sote tunajua maziwa yanaishia kwenye kikombe cha nani. Zichome au zifukie.

Suala hili lina upande wa biashara pia. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, na ingawa siku chache baadaye iliruhusu tena kwa masharti, aliyeumia kwanza alikuwa mkulima mwenye magunia ya kuuza. Kikomo cha sumukuvu kwa Afrika Mashariki ni sehemu 10 kwa kila sehemu bilioni. Kiasi hicho ni kidogo mno kwa jicho la mtu, ndiyo maana kukausha na kuchambua ndiyo kinga yetu.

6. Mnyime fukusi pumzi

Fukusi jike hutoboa punje, hutaga yai, huziba tundu. Baada ya wiki tano au sita anatoka fukusi mpya, naye anaanza upya. Kuna pia ndugu yake mbaya zaidi, dumuzi, aliyeingia Afrika Mashariki kutoka Amerika ya Kati na kugunduliwa Tabora, Tanzania, karibu na mwanzo wa miaka ya 1980; yeye hutafuna hata mbao za ghala. Wote wana udhaifu mmoja: wanahitaji hewa.

Mfuko wa PICS ulibuniwa kwa wazo hilo. Mtaalamu wa wadudu Larry Murdock wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, alianza kuufanyia kazi huko Kamerun mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya kunde. Una mifuko miwili mizito ya plastiki ndani na gunia la kawaida nje. Wadudu walioko ndani huimaliza oksijeni wenyewe, huacha kula, kisha hufa. Hakuna dawa yoyote.

Mfuko huu unapatikana kwa wauzaji wa pembejeo mjini Mbarara. Kabla ya kulipa, ufungue na uhakikishe mifuko ya ndani ni miwili, ipulize hewa, ibane mdomo na usikilize kama inavuja. Ukifika nyumbani, jaza ule wa ndani kidogo kidogo huku ukishindilia, kamua hewa yote, sokota mdomo, ukunje, ufunge kwa kamba au mpira wa baiskeli. Fanya hivyo kwa wa pili, kisha gunia la nje. Uweke juu ya mbao, mbali na ukuta, na usiufungue hovyo hovyo: mwezi mmoja au miwili ya kwanza ndiyo ya kuua wadudu. Ukiutunza usitoboke, utautumia tena misimu miwili au mitatu.

Nafaka ikiwa mbichi, mfuko huu utakuozeshea yote. Rudi kidokezo cha tatu.

7. Huna hela ya mfuko? Tazama jerikani

Ile jerikani ya manjano ya lita 20 inaingiza karibu kilo 15 za maharage, na ikifungwa sawasawa haipitishi hewa. Ioshe kwa sabuni mpaka harufu ya mafuta iishe, ianike mdomo chini, kisha siku mbili juani. Jaza mpaka shingoni bila kuacha nafasi ya hewa. Weka kipande cha kaveera (mfuko wa plastiki) kwenye mdomo, kaza kifuniko juu yake. Panya haiwezi, mvua ya bati linalovuja haiwezi, na mbegu zako za msimu ujao zinakaa salama humo. Kwa familia yenye kiwanja kidogo naona jerikani tatu za maharage zina faida kuliko ghala kubwa lenye matundu.

Mwenye uwezo zaidi, au kikundi, anaweza kununua pipa la plastiki lenye kifuniko cha kubana au kihenge cha bati. Kihenge cha bati hujazwa, mshumaa mfupi unawashwa juu ya nafaka ndani ya kibati, na mfuniko unafungwa na kuzibwa. Mshumaa hula oksijeni iliyobaki na kuzimika wenyewe.

8. Maharage yanapenda kubiringishwa

Mdudu wa maharage huhitaji saa nyingi akiwa ametulia mahali pamoja ili atoboe ngozi ngumu ya punje. Ukimsumbua kila mara, anaanza upya, anachoka, anakufa. Basi weka maharage kwenye gunia lisilojaa, nusu tu, na ulibiringishe asubuhi na jioni. Watoto wataifanya kazi hii kwa furaha kabla ya kwenda shule. Inasaidia sana wiki za mwanzo, wakati bado unatafuta chombo cha kudumu.

9. Dawa: soma kabla hujafungua

Majivu makavu yaliyochekechwa, yakichanganywa kwa wingi na nafaka, hupunguza fukusi. Majani ya mwarobaini yaliyokaushwa pia yana nguvu kiasi. Dawa za unga za dukani zinafanya kazi zikiwa halali, hazijapitwa na muda, na kipimo kikifuatwa kama lebo inavyosema. Kuongeza kipimo "ili ikolee" ni kula sumu.

Lakini vidonge vya gesi vya kufukiza nafaka visiingie nyumbani kwako. Nasema hivi kwa sauti kubwa. Nakivale familia nyingi hulala chumba kimoja na magunia yao. Gesi ya vidonge hivyo hutoka kimya usiku, watoto ndio wanaozidiwa kwanza, na hospitali haina dawa ya kuiondoa mwilini. Vimewekwa kwa ajili ya maghala makubwa na watu waliofunzwa. Mtu akikuuzia kimojakimoja sokoni kwenye karatasi, mwache nacho. Hata asemeje.

10. Muhogo, viazi na matoke havisubiri

Muhogo ukishang'olewa huanza kuharibika ndani ya siku mbili au tatu, kwa hiyo ng'oa wa kula na wa kusindika tu. Akina mama wa Kongo wanalijua hili vizuri kuliko vitabu: wanauloweka, wanaukausha, wanasaga unga wa ugali. Kuloweka muhogo mchungu kuna kazi kubwa zaidi ya kulainisha, kunaondoa sumu yake ya asili, hivyo usifupishe siku kwa sababu njaa inauma. Na kaushia juu, si kwenye lami.

Viazi vitamu vikatwe vipande vyembamba vikaushwe. Vile vya rangi ya chungwa, vyenye vitamini A, vikaushwe kivulini penye upepo, maana jua kali hupunguza vitamini hiyo. Mmoja wa waliovieneza viazi hivi ni Mganda, Dakta Robert Mwanga, aliyeshiriki Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 kwa kazi hiyo.

Na matoke, fahari ya Isingiro! Mkungu uliokatwa vizuri hukaa karibu wiki moja ukiwa kijani, lakini safari ndiyo inayouharibu: hutupwa, hukanyagwa, watu hukaa juu yake ndani ya lori mpaka Mbarara, na mwisho wa safari mnunuzi anaona michubuko myeusi na kushusha bei. Kata asubuhi na mapema, usiuangushe chini, weka kivulini, tandika majani makavu ya mgomba kati ya mkungu na mkungu. Dereva akikuambia majani yanachukua nafasi, muulize michubuko italipwa na nani. Ndizi zinazobaki bila mnunuzi zimenye, zikate, zikaushe, zisage. Unga wa matoke hupikika uji mzuri.

11. Nyanya na panya, kwa haraka

Nyanya: vuna zikianza tu kuwa nyekundu, zipange kwenye kreti za mbao, si kwenye gunia. Nyumbani, tia chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, jaza mchanga katikati, weka nyanya kwenye kile kidogo, umwagie mchanga maji kila siku na ufunike kwa kitambaa kibichi. Mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, alipata tuzo ya Rolex mwaka 2000 kwa kueneza chombo hiki.

Panya: ghala liinuliwe mita moja kutoka ardhini, kila mguu uvishwe bati lenye umbo la faneli iliyopinduliwa, na kusiwe na mti wala ukuta karibu wa kumrukisha. Fagia mabaki. Fuga paka.

12. Uza kidogo kidogo, na uzeni pamoja

Hasara nyingine haina mdudu. Unauza magunia yote Julai kwa bei ya chini kwa kuwa ada ya shule inasubiri na fukusi anatisha. Novemba unanunua mahindi yale yale, pengine kutoka kwa mfanyabiashara yule yule, kwa bei ya juu. Watafiti walifuatilia jambo hili magharibi mwa Kenya pamoja na wakulima wa shirika la One Acre Fund na kuchapisha matokeo mwaka 2019: wakulima waliopewa mkopo mdogo wakati wa mavuno waliweza kusubiri, wakauza baadaye, wakapata zaidi.

Hapa mkopo huo unaweza kutoka kwenye kikundi chenu cha akiba. Pangeni mgao wa fedha za kikundi uangukie Julai, wakati wa ada, badala ya Desemba peke yake. Kila mmoja alipe ada bila kugusa magunia. Kisha pimeni kwanza chakula cha nyumba mpaka mavuno yanayofuata, tengeni mbegu, na kinachobaki ndicho cha soko.

Cha soko nacho kikusanywe pamoja. Mnunuzi wa Mbarara hatakuja kwa ajili ya gunia moja la mtu wa Rubondo hapa Nakivale, ila kwa tani tano zilizokauka, zilizochambuliwa, zilizopimwa kwa chumvi, atatuma gari na atakubali kuzungumza bei. Teueni watu wawili wa kwenda Mbarara kuuliza bei kwenye maduka zaidi ya moja, na azimeni au nunueni mizani yenu wenyewe ili kila gunia lipimwe kabla gari halijafika. Mkutano wa kukubaliana bei ya chini kabisa ufanyike kabla ya kuvuna, maana mnunuzi akishasimama pale na noti mkononi, kila mwenye shida atajibu kivyake.